Barua ya wazi kwa Tume, Msajili na TAMISEMI: tuacheni tushindwe kwa kura

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi,
Kwa Mheshimiwa Msajili wa Vyama vya Siasa,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa.

YAH: NAFASI YA CHAMA KIDOGO KIPYA KATIKA UCHAGUZI MKUU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwananchi wa kawaida niliyewahi kuwa wakala wa chama kidogo vituoni, na baadaye katibu wa kata wa chama hichohicho. Jina lake silitaji. Nikilitaja mtaona naomba kura, na msimu wa kuomba kura umepita. Nimeshika kalamu kwa sababu kuna vijana wa mtaani kwetu, wengine wana shahada na wanaendesha bodaboda, wengine wanauza laini za simu, ambao wameamua kuanzisha chama na kusimamisha wagombea mwaka 2030. Walinifuata niwasaidie kuisoma Sheria ya Vyama vya Siasa. Tumeisoma. Yaliyomo ndani yake nimewaeleza kadiri nilivyoweza. Yale yanayotokea nje yake, kati ya ofisi ya kata na mlango wa kituo cha kura, wa kuyaeleza ni ninyi.

Ombi langu nalisema mapema, maana najua meza zenu zina barua nyingi. Hatuombi kushinda. Chama kipya chenye bendera chache na spika ya kukodi hakiing'oi CCM, na hakuna mwenye akili timamu anayeidai Tume impe ushindi. Tunaomba kushindwa. Mwananchi aione picha ya mgombea wetu kwenye karatasi ya kura, aipite, aweke alama kwa mwingine, kisha usiku mtutangazie vikura vyetu mbele ya watu. Huko ndiko kushindwa. Kufutwa saa 10 jioni kwa sababu ya herufi moja ni jambo jingine kabisa.

Na usajili wenyewe sina ugomvi nao. Sheria ya mwaka 1992 inataka chama kipate kwanza usajili wa muda, kisha ndani ya siku 180 kioneshe wanachama wasiopungua 200 wenye sifa ya kupiga kura katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua 10, na kati ya hiyo miwili iwe Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Ni watu 2,000 nchi nzima. Ukipiga hesabu ya nauli za basi na boti ndipo jasho linakutoka, lakini sharti ni la haki. Linazuia chama cha kabila moja au cha upande mmoja wa bahari, na nchi hii ilistahili tahadhari hiyo. Mgombea urais naye anadaiwa kwa mtindo huohuo, wadhamini 200 katika kila mkoa kwa mikoa 10. Sawa, tutazunguka.

Wazee watakumbuka tulikotoka. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Takribani watu 80 katika kila 100 walisema kimoja kinatosha. Tume ile ilishauri vyama vingi viruhusiwe hata hivyo, na Mwalimu Nyerere, ambaye angeweza kunyamaza zake Butiama, aliunga mkono. Tarehe 1 Julai 1992 mlango ukafunguliwa. Ninyi mnaokalia ofisi zilizotokana na uamuzi ule, angalieni ulifanywa kwa ajili ya nani: kwa ajili ya wale 20. Mfumo wetu wote wa vyama vingi uliwekwa kwa heshima ya watu ambao kwa hesabu walikuwa wameshashindwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "hivyo vyama vyenu havina watu," namjibu kwamba hoja yake ilisikilizwa mwaka 1991, na waliosikiliza wakaona haitoshi.

Sasa chama kidogo kikiachwa kishindwe kwa kura, kinafika wapi? Tuna mifano yetu wenyewe, hatuna haja ya kwenda Ulaya.

ACT-Wazalendo ilisajiliwa Mei 2014. Mwaka uliofuata ikaingia Uchaguzi Mkuu, katikati ya vumbi la Magufuli na Lowassa, wakati nchi nzima ilikuwa imegawanyika pande mbili na hakuna aliyetaka kusikia habari za upande wa tatu. Zitto Kabwe alikuwa ametoka CHADEMA Machi 2015 na kujiunga nacho. Chama kikatoa Azimio la Tabora, kikitaka kulihuisha Azimio la Arusha, jambo ambalo wasomi walilipenda na wapiga kura wengi hawakulisoma. Mgombea urais alikuwa mwenyekiti wa chama, marehemu Mama Anna Mghwira, mwanamke pekee kati ya wagombea 8. Alipata kura 98,763, chini ya asilimia 1. Bungeni chama kikaingiza mbunge mmoja wa jimbo, Zitto mwenyewe, Kigoma Mjini. Kwa kipimo chochote cha kawaida, kilipigwa.

Lakini kilipigwa kwa kura, na kura zile 98,763 zikaandikwa kwenye kumbukumbu za nchi. Chama kikabaki na jina, kadi, bendera na mbunge mmoja mwenye mdomo. Machi 2019, Mahakama Kuu ilipoamua mgogoro wa uongozi wa chama cha CUF kwa upande wa Profesa Lipumba, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa katibu mkuu wa CUF, na wafuasi wake hawakuwa na haja ya kuanza kusaka usajili mpya. Chombo kilikuwepo majini. Wakashusha tanga na kupandisha tanga, safari ikaendelea, na Desemba 2020 Maalim akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar kwa tiketi ya chama ambacho miaka mitano nyuma watu walikiita cha mtu mmoja. Mnaweza msikipende chama hicho. Hilo ni juu yenu. Ila Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar iliundwa upya kwa kutumia chombo hicho, na kama kingekuwa kimefutwa kwenye fomu mwaka 2015, Maalim angekuta bandari tupu.

CHADEMA ni hivyohivyo. Mwaka 1995 na 2000 hawakusimamisha hata mgombea urais. Mwaka 2005 Freeman Mbowe akasimama, akapata asilimia 5.88, watu wakacheka na helikopta yake. Mwaka 2010 Dk. Willibrod Slaa akavuka asilimia 26. Mwaka 2015 ikawa karibu asilimia 40, ingawa safari hiyo walibebana na wenzao wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, na mgombea aliyehamia kutoka CCM miezi michache kabla. Kila hatua ilisimama juu ya kushindwa kwa jana. Ile 5.88 ndiyo iliyowaambia ni wilaya zipi zina watu wao na zipi ni za kupita tu. Chama kisichohesabiwa hakijui hata pa kuanzia.

Nije kwenye fomu, maana hapo ndipo penye uchungu.

Katika kata moja, ambayo siitaji kwa kuwa waliokuwepo bado wapo, mgombea wetu wa udiwani alikuwa fundi cherehani. Fomu alizijaza mwenyewe kwa wino mweusi, mwandiko ulionyooka wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya wateja. Tulikagua wadhamini mmoja mmoja, jina na namba ya kadi ya mpiga kura, mpaka tukachoka. Siku ya uteuzi tukafika ofisini kwa msimamizi wa uchaguzi mchana na mapema. Mlangoni pana kufuli. Mgambo aliyekuwa chini ya mwembe akasema bosi kaitwa wilayani, atarudi sasa hivi. Simu ikaita, ikaita, halafu ikawa haipatikani. Mgombea wa chama kikubwa alikuwa ameshawasilisha asubuhi, tukaambiwa, kulikuwa na ngoma na picha zilipigwa. Saa 9 na nusu bosi akatokea. Akafungua, akakaa, akazipekua fomu taratibu kama mtu anayesoma gazeti la Jumapili. Akasema picha hizi zina mandhari ya buluu, zinatakiwa nyeupe. Fundi akakimbia na bodaboda, akarudi na picha nyeupe ambazo bado zilikuwa na unyevu. Zikapokelewa, saa ya ukutani ikiwa haijagonga 10. Tukashukuru Mungu.

Orodha ilipobandikwa, jina lake halikuwemo. Sababu: kwenye fomu moja kwenye kazi ameandika "fundi", kwenye nyingine ameandika "mjasiriamali".

Waheshimiwa, fundi cherehani ni mjasiriamali. Hata benki inamkopesha kwa jina hilo. Tulikata rufaa, ikaenda, majibu yakawa ya mstari mmoja. Kata ile ikapata diwani ambaye hakupigiwa kura hata moja, maana alibaki peke yake na sheria ya wakati ule ilimtangaza amepita bila kupingwa. Watu walioletewa diwani huyo ndio haohao ambao baadaye tunawalaumu kwamba hawajitokezi kupiga kura.

Msidhani nasimulia kisa cha kata moja ili nichafue nchi nzima. Mwaka 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa uliosimamiwa na TAMISEMI ulifuta wagombea wa upinzani kwa wingi kiasi kwamba CHADEMA, ACT-Wazalendo na vyama vingine wakajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya viti. Mwaka 2020, wabunge zaidi ya 20 walipita bila kupingwa. Tume iliwarudisha baadhi ya waliofutwa baada ya rufaa, na kwa hilo niwape haki yenu. Lakini ukirudishwa wakati wenzako wameshafanya mikutano, unaanzia nyuma. Novemba 2024, TAMISEMI tena, zaidi ya asilimia 98. Sisemi CCM haina watu vijijini. Ina watu tele. Ndiyo maana nashangaa kwa nini chama chenye watu tele kisaidiwe na kosa la mandhari ya picha. Timu ya mchangani ikipangwa na Yanga kwenye kombe itafungwa 6, kila mtu anajua, na mashabiki wake wanakwenda uwanjani hivyohivyo wakiwa wamevaa jezi. Hakuna mwamuzi anayeizuia langoni kwa sababu soksi hazifanani.

Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa kupita bila kupingwa: mgombea aliyebaki pekee anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua, nami naipokea. Ila kura ya hapana haimrudishi yule fundi. Kinachotakiwa kiko wazi, tena hakihitaji katiba mpya. Kanuni ziseme kwamba kinachomwondoa mtu ni sifa za kikatiba peke yake, yaani uraia, umri, kusoma na kuandika, hukumu na mengine ya aina hiyo. Kosa la kujaza, ufupisho wa jina la chama, picha, tarehe iliyoruka, yote hayo msimamizi ayaorodheshe kwa maandishi na kumpa mgombea saa 48 ayarekebishe. Ofisi ikikutwa na kufuli siku ya uteuzi, muda uongezwe kwa kiasi kilekile ambacho kufuli lilikaa mlangoni. Na mgombea apewe stakabadhi yenye saa aliyofika. Tunapewa stakabadhi tukilipia takataka, sembuse tukiomba kuongoza kata.

Anayepokea fomu naye ni nani? Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Wanasheria waendelee kubishana. Mimi nasema tu nilichokiona: mtumishi ambaye kesho yake anaweza kuhamishwa na mtu ambaye chama chake kinashindana, hata awe mcha Mungu, mkono unatetemeka anapotaka kumpitisha mpinzani.

Tuseme umepita kwenye fomu. Sasa unahitaji mawakala. Hili watu wa mjini hawalijui, wanadhani chama kidogo kinashindwa kwa sababu ya sera.

Mwaka 2020 vilikuwepo vituo 80,155 vya kupigia kura, na mwaka 2025 vilikaribia laki moja. Chama kikitaka kumweka wakala mmoja tu kila kituo, na kumpa shilingi 10,000 ya nauli na chakula, ambayo siku hizi ni chai na wali maharage, kwa vituo vya mwaka 2020 kinahitaji zaidi ya milioni 800. Kwa vituo vya 2025, karibu bilioni 1. Ruzuku inafuata wabunge na kura, kwa hiyo chama kipya kinaingia uchaguzi wake wa kwanza bila hata shilingi ya umma. Matokeo yake ni kwamba tunaweka wakala pale tunapoweza, kwingine tunategemea huruma ya wakala wa chama jirani, na kwingine tunafumba macho.

Na hao wachache mnaowaona wanapitia nini? Wakala anatakiwa awe ameapishwa, awe na barua ya utambulisho, afike kabla ya saa 1 asubuhi kituo kinapofunguliwa. Dakika chache kabla ya hapo sanduku linaoneshwa likiwa tupu na kufungwa kwa lakiri zenye namba. Hizo ndizo dakika za wakala. Mwenzangu mmoja alizikosa akiwa mlangoni, barua mkononi, akiambiwa kiapo chake kina jina la kituo cha darasa la pili wakati pale ni darasa la tatu, shule ileile, korido ileile. Alipoingia foleni ilishaanza kusogea. Jioni akaombwa kutia saini fomu ya matokeo, kuthibitisha kwamba sanduku lilianza likiwa tupu. Angelijuaje?

Hapa nina mapendekezo mawili, na yote mawili nimeyaota kwenye benchi za vituo, kwa hiyo myapokee yalivyo. La kwanza, ruhusuni vyama vidogo viwili au vitatu kuteua wakala mmoja wa pamoja kwa kituo. La pili ni kubwa zaidi: kila fomu ya matokeo ya kila kituo ipigwe picha na kuwekwa kwenye tovuti ya Tume usiku uleule. Wenzetu Kenya mwaka 2022 waliweka fomu 34A za vituo vyao zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Bado walikwenda mahakamani, ndiyo, Wakenya nao! Lakini walikwenda wakiwa na karatasi ileile mikononi. Kwa chama kidogo kisichoweza kulipa mawakala, tovuti hiyo ingekuwa wakala wetu kila kituo kuanzia Mtambaswala hadi Mutukula.

Mahakamani sisi hatufiki kwa urahisi hivyo. Matokeo ya urais Katiba yetu, ibara ya 41(7), inayafungia mlango: Tume ikishatangaza, hakuna mahakama itakayochunguza. Ya ubunge yana mlango, lakini mlangoni pana dhamana ya gharama, na chama cha bodaboda hakina.

Kuna jambo jingine ambalo Msajili analijua vizuri. Watu wengi wanaoanzisha vyama vidogo hawataki chama. Wanataka kugombea tu, na Katiba inawalazimisha wawe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi tangu miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Alishinda Mahakama Kuu, Katiba ikabadilishwa kumzuia, akarudi akashinda tena, Mahakama ya Rufani ikamkatalia mwaka 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha kwetu, ikasema Tanzania imekiuka haki yake. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi. Hukumu ipo. Mkiitekeleza, nusu ya vyama mnavyovilalamikia kwamba ni vya mfukoni vitajifuta vyenyewe, na Msajili atapumua.

Maana kweli vipo vya mfukoni, tusifichane. Kuna vyama ambavyo mwenyekiti ni yuleyule tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, mke mweka hazina, na ofisi ni namba ya simu. Kuna vinavyoamka kila baada ya miaka mitano kuchukua fomu ya urais, kuvaa suti na kupigwa picha, kisha vinalala. NCCR-Mageuzi ya mwaka 1995 ilikuwa na mgombea urais Augustino Mrema na zaidi ya robo ya kura za nchi, ikaliwa na ugomvi wa ndani hadi ikabaki jina. Na kuna utamaduni wa kiongozi wa upinzani kuitwa akapewa cheo. Mama Mghwira huyohuyo aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro Juni 2017, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa CCM. Simlaumu marehemu, alikuwa mwanasheria hodari na nchi ilimhitaji. Lakini kijana aliyempigia debe Singida kwa miguu alijisikiaje?

Hata hivyo, chama cha kuchekesha nacho kina kazi yake. Mwaka 2020 Mzee Hashim Rungwe wa CHAUMMA aliwaahidi Watanzania ubwabwa, na nchi nzima ikacheka mpaka ikashika mbavu. Mimi nilicheka. Halafu nikakumbuka mtoto anayesoma mpaka saa 9 hajatia kitu mdomoni, na nikaona kwamba wagombea wakubwa walikuwa wakizungumzia madaraja ya juu na ndege, mzee wa ubwabwa peke yake ndiye aliyekuwa akizungumzia sahani. Chama kidogo kinaweza kusema jambo ambalo kikubwa kinaona aibu kulisema, kwa sababu hakina cha kupoteza.

Ila kisemee wapi? Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya siasa ilipigwa marufuku, na ikabaki hivyo mpaka Rais Samia alipoiruhusu Januari 2023. Chama kilichosajiliwa 2014 kilikaa miaka karibu saba ya ujana wake bila kuruhusiwa kusimama kwenye jukwaa nje ya kampeni. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 nayo yakampa Msajili meno ya kuingia hadi chumbani mwa vyama. Ningependa meno hayo yatumike kwa usawa au yang'olewe.

Siwezi kumaliza bila kutaja Oktoba 2025. Chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwemo kwa sababu hakikusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo aliondolewa, Mahakama Kuu ikamrudisha, akaondolewa tena. Wakabaki wagombea urais 17. Mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66, na wale 16 wengine tukagawana makombo. Tarehe 29 watu waliingia barabarani, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje, na watu wakafa. Kuna familia ambazo zinahitaji majibu kabla ya mtu yeyote kuhitaji mageuzi ya fomu, na sitaki barua yangu ionekane inapita juu ya makaburi.

Lakini vijana walionifuata ni wa rika lileile lililokuwa barabarani. Wana hasira, na bado wamekuja na daftari, wanauliza wadhamini wa Pemba watawapata vipi. Mmoja wao aliniuliza swali ambalo nawaletea kama alivyolisema: "Mzee, tukifuata kila kifungu, tutafika kwenye karatasi ya kura?" Nilimwambia nitawauliza wenye karatasi.

Uchaguzi wa serikali za mitaa unaofuata ni mwaka 2029. Naomba safari hii usimamiwe na Tume, si TAMISEMI, na Bunge litunge sheria ya kuwezesha hilo mapema. Rasimu ya kanuni za uteuzi itoke mwaka mzima kabla, na vyama vyote, pamoja na vile vyenye usajili wa muda, viitwe Dodoma kuipitia kifungu kwa kifungu, kuanzia rangi ya mandhari ya picha. Nauli tutajitegemea. Chakula cha mchana, bajeti ikiruhusu, hatutakikataa, hata kikiwa ubwabwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wakala wa chama kidogo

Nakala: Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Utawala, Katiba na Sheria, Baraza la Vyama vya Siasa, makatibu wakuu wa vyama vyote, vyenye ruzuku na visivyo nayo.